Ukoo Umejaa Nyumbani, Gwaride Linapita: Majibu kwa Wenye Mbwa

Barua nyingi za safari hii zinazungukia siku moja: jamaa wamekutana, nyumba imefurika, na gwaride la mji mdogo linapita barabarani kwa ngoma na matarumbeta. Wanaouliza ni watu, lakini anayeulizwa habari zake hasemi. Kwa hiyo tumejaribu kujibu tukianzia pale mbwa mwenyewe anapoanzia, yaani puani, masikioni, na kwenye kimo cha goti la mtu mzima.

Mbwa wetu ni mpole mwaka mzima. Ukoo ukikutana, watu thelathini na kitu, anajichimbia chini ya meza au anahema ulimi nje kana kwamba amekimbizwa. Hakuna aliyemgusa vibaya. Ana nini?

Chuchumaa sebuleni wakati wageni wamesimama wanasalimiana. Utaona msitu wa miguu inayokwenda bila mpango, na mikono inayoshuka ghafla kutoka juu. Nyuso, ambazo wewe unazitegemea kujua nani anafurahi na nani amechoka, ziko mbali huko darini. Rangi nazo zimepungua: mbwa huona vizuri buluu na njano, ila nyekundu na kijani kwake hukaribiana sana.

Kinachomlemea zaidi ni pua. Binadamu ana seli za kunusia milioni 5 hivi. Mbwa wengi wana zaidi ya milioni 100. Kila mgeni huingia na viatu vyake, sabuni yake, vumbi la safari na harufu ya mnyama aliyemwacha kwake. Wewe umepokea wageni thelathini; yeye amepokea na nyumba thelathini walikotoka. Ongeza sauti: sisi tunaishia kwenye sauti nyembamba ya hertzi 20,000 (yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde), yeye anasikia mpaka karibu 45,000. Tena kuna usingizi. Mbwa mzima hulala saa 12 au zaidi kwa siku, baadhi ya hizo zikiwa vipande vipande mchana, na siku ya wageni vipande hivyo vyote vinakatwa.

Basi hana ugonjwa. Hana pa kwenda. Mpe chumba, lakini mpe mapema. Siku 5 hadi 7 kabla ya wageni, chagua chumba kilicho mbali na mlango mkuu na mbali na choo watakachotumia wageni, maana njia ya chooni haina utulivu. Weka tandiko lake bila kulifua, bakuli la maji lisilopinduka kirahisi, na kitu cha kutafuna. Mlo wake mmoja wa kila siku ale humo, mlango ukiwa wazi kwanza, kisha umefungwa kwa dakika 5, 15, halafu saa nzima. Feni au redio ya sauti ndogo husaidia kufunika kishindo cha sebuleni. Kosa tunaloliona kila mara ni kumfungia kwa mara ya kwanza siku ileile wageni wanapofika: hapo chumba kinakuwa jela, naye atakwaruza mlango mpaka kucha zitoke damu.

Asubuhi ya siku yenyewe mtembeze dakika 30 hadi 40 na umwache anuse polepole. Wageni waingie na kuketi kabla hajatoka. Mlete baada ya dakika 15 hivi, akiwa na kamba, na yeye ndiye achague wa kumwendea. Wageni waombwe wasimwinamie. Kisha kuwe na sheria moja isiyo na mjadala: mbwa akiingia chumbani kwake, hakuna anayemfuata, awe mjukuu au babu mzaa baba. Mteueni pia msimamizi kwa zamu ya saa moja moja. Nyumba yenye watu wazima ishirini ambao "wote wanamwangalia mbwa" kwa kawaida haina hata mmoja anayemwangalia.

Shangazi yetu hakuja kwa miaka minne. Alipofika mbwa alimrukia kwa furaha. Watu wanasema ni bahati tu. Mbwa anaweza kukumbuka hivyo?

Anaweza. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba alimjaribu mbwa wake, aliyekuwa mkali kwa wageni, baada ya kutokuwepo kwa miaka 5 na siku 2. Alimwita kama zamani, na mbwa akamfuata matembezini na kumtii kana kwamba waliachana nusu saa iliyopita. Ubongo nao umechunguzwa: kundi la Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, liliwazoeza mbwa 12 kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha likawanusisha harufu za watu na mbwa wanaowajua na wasiowajua. Sehemu inayohusika na kutazamia jambo jema iliamka zaidi kwa harufu ya mtu wanayemjua, ingawa mtu mwenyewe hakuwapo.

Kwa hiyo mgeni wa miaka mingi asijitambulishe kwa kelele na kukumbatia. Asimame ubavu, anyamaze kidogo, aache mkono uning'inie. Pua ikimaliza kazi yake, mkia utajibu.

Mbwa alimngurumia mtoto wa dada yangu wa miaka 4. Baba akamchapa mbwa. Tumefanya sawa?

Hapana, na tunalisema hili kwa uzito wote. Kunguruma ni onyo, na onyo ndilo linalomlinda mtoto. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hajifunzi kumpenda mtoto, anajifunza kunyamaza. Siku nyingine ataruka hatua hiyo na kuuma, na watu watasema ameuma bila dalili.

Dalili huanza mapema kuliko kunguruma. Hupiga miayo ilhali hana usingizi, hujilamba pua haraka haraka, hugeuza kichwa pembeni huku jicho likibaki kwa mtoto hata weupe wake ukaonekana. Masikio hulala nyuma, uzito wa mwili husogea kisigino. Inayotisha kuliko zote ni ile ya kuganda: mwili unakuwa gogo, mdomo unafumba, pumzi kama imekatika. Ukiona hivyo usimvute kola. Mwite mtoto kwako kwa sauti ya kawaida, kisha mfungulie mbwa njia ya kuondoka. Na mkia unaotikisika usikudanganye: ukiwa juu, mkavu, unatetema kwa kasi, hiyo si furaha.

Mara nyingi mtoto huumwa na mbwa anayemjua, katika nafasi zilezile: mbwa amelala, anakula, amebanwa kwenye kona, au amekumbatiwa shingoni. Kukumbatia kwetu ni mapenzi. Kwa mbwa ni kushikwa asiweze kuondoka. Wafundishe watoto wote wa ukoo jaribio la sekunde 3. Mwite mbwa, usimfuate. Akija, mkune kifuani au chini ya kidevu kwa sekunde 3, kisha ondoa mkono. Akijisogeza tena, endelea. Akisimama tu au akigeuka, mchezo umekwisha. Mtoto wa miaka 4 anaweza kujifunza hili kwa dakika 10, lakini hawezi kulikumbuka peke yake, kwa hiyo mtu mzima awe karibu kiasi cha mkono kumfikia mmoja wao.

Ikitokea ameuma, hata kama ni mkwaruzo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, saa mkononi, halafu nendeni hospitali siku hiyohiyo mkiwa na kadi ya chanjo ya mbwa. Kichaa cha mbwa hakingoji dalili: zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo inayookoa.

Binamu anakuja na mbwa wake dume. Wa kwetu ni jike. Watakaa siku tatu. Tuwakutanishe vipi?

Wakutane nje, mahali ambapo hakuna mbwa anayepahesabu kuwa kwake. Kila mbwa na mtu wake, kamba ya mita 1.5 hadi 2 ikiwa imelegea, maana kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba mbele kuna shari. Tembeeni upande mmoja mkiachana mita 10, kila mtu akiwa katikati ya mbwa wake na mwenzake. Wakianza kunusa ardhi na kuacha kukodoleana macho, punguzeni hadi mita 5, kisha 2. Wape sekunde 3 za kunusana ubavuni, mtengane, mrudie. Dakika 20 hutosha kwa wengi; wengine huhitaji siku nzima. Ndipo muingie ndani, mgeni akitangulia.

Kabla hawajaingia, ondoeni mabakuli, mifupa na midoli yote sakafuni. Mapigano mengi ya mbwa wa ukoo huanzia kwenye kitu, tena kwenye njia nyembamba kama mlangoni au chini ya meza ya chakula. Wale vyumba tofauti, milango imefungwa. Wakishikana, msitie mikono katikati: mwageni maji, au tupeni blanketi nzito juu yao, au ingizeni kiti kati yao.

Jike akikaribia joto, binamu amwache dume nyumbani. Na kama kuna kitoto cha mbwa ambacho hakijamaliza chanjo zake, kwa kawaida kabla ya wiki 16, kisikutanishwe na mbwa wasiojulikana wala kushushwa wanapojisaidia. Virusi vya parvo, vinavyoleta ugonjwa hatari wa utumbo kwa mbwa, hukaa ardhini kwa miezi mingi.

Zimebaki wiki tatu kabla ya gwaride, na linapita mbele ya nyumba yetu. Ngoma kubwa ikilia, mbwa wetu Simba anatetemeka. Je, anaweza kuzoea?

Wiki 3 zinatosha kupunguza, si lazima kumaliza. Tafuta rekodi ya ngoma, matarumbeta na vifijo. Simu peke yake haifai, kwa sababu spika yake ndogo haitoi ile sauti nzito ya ngoma kubwa, nayo ndiyo inayompiga kifuani na kumpanda miguuni kupitia ardhi. Tumia spika kubwa yenye besi.

Anza kwa sauti ya chini kabisa, ambapo sikio lake linageuka tu kisha anaendelea na shughuli zake. Piga sekunde 5. Sauti ikiwa bado inalia, mpe kipande cha nyama cha ukubwa wa ukucha. Zima, na nyama ikome. Ngoja nusu dakika, au dakika nzima, usifuate mwendo mmoja. Rudia mara 8 hadi 10, kisha pumzika hadi jioni. Siku anayoisikia sauti akakutazama usoni kuulizia nyama, panda ngazi moja ndogo. Akiacha kula, shuka ngazi mbili.

Mpangilio ndio roho ya kazi hii: sauti kwanza, nyama baadaye. Ivan Pavlov alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba kinachotangulia ndicho kinachokuwa ishara. Ukitoa nyama ndipo uwashe ngoma, unamfundisha kwamba nyama ni habari mbaya, na ataanza kukimbia mkono wako.

Siku ya gwaride, usijaribu kumkomaza kwa kumsimamisha ukingoni mwa barabara. Umbali ni dawa. Anza mita 100 nyuma, kwenye kichochoro chenye ukuta kati yenu na bendi, mgongo wako ukielekea njia ya kuondokea. Kipimo ni chakula: mbwa anayependa nyama akiikataa, amekwisha kukujibu, ondokeni. Akijisogeza kwako, mpapase kwa mkono uliotulia. Zipo imani kwamba kumbembeleza kunalea woga. Woga haukui kwa kubembelezwa.

Kuhusu mbwa anayeinua pua na kulia kwa sauti ndefu tarumbeta inapolia, wasomaji wengi hudhani masikio yanamuuma. Mtazame mwili. Kama amelegea na anabaki palepale kwa hiari yake, anaitikia tu, kama wanavyoitikiana mbwa wa jirani usiku. Kama anainama au anatafuta pa kupenya, mwondoe.

Anayetetemeka hata kwa radi abaki nyumbani: chumba cha upande wa nyuma, pazia limefungwa, mtu anayempenda yuko naye. Dawa za woga wa kelele zipo na zinafanya kazi, lakini aziandike daktari wa mifugo, na dozi ya kwanza ijaribiwe siku tulivu kabla. Ukiandikiwa asepromazini, dawa ya kutuliza, peke yake, muulize daktari kuhusu nyingine: hulegeza mwili, lakini mbwa anaweza kulala palepale huku bado anaogopa. Vidonge vya binadamu usimpe kamwe. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, huharibu tumbo na figo zake.

Tumeombwa tutembee na mbwa wetu ndani ya gwaride, amevaa vazi. Ni kilomita 2 kwenye lami.

Kwa mbwa mzima, mwenye afya na asiyeogopa watu, kilomita 2 si nyingi. Lami ndiyo mashaka. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Mbwa hatoi jasho la kutosha. Hujipoza kwa kuhema, kwa hiyo vazi lisibane mdomo, koo wala kifua. Lisizibe macho, masikio na mkia, kwani ndiyo lugha yake mbele ya mbwa wengine. Mzoeze kwa wiki mbili: dakika 2 siku ya kwanza, na vidole vyako viwili viweze kupita chini ya kila mkanda. Msimpake rangi ya nywele za watu wala pambo la kumetameta; atajilamba.

Beba maji lita moja, mpe mafunda machache kila dakika 15. Wenye pua fupi, kama Bulldog na Pug, wasitembee juani kabisa. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Akihema bila kukoma, fizi zikawa nyekundu sana, mate yakawa mazito, akayumba: kivulini, maji ya baridi mwilini mwote, upepo, na daktari. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Msimfunike kwa taulo lililolowa likabaki juu yake, maana hunasa joto.

Aombewe nafasi mbali na farasi na mbali na gari la muziki. Asifungwe kamba kwenye gari linalotembea, hata liwe linatambaa. Na msimwache ndani ya gari lililoegeshwa mkisubiri zamu: joto la ndani hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10, na kufungua dirisha upenyo hakubadilishi mengi.

Wageni wanamrushia chakula chini ya meza. Kipi kina hatari kweli?

Zailitoli, utamu ulio kwenye chingamu na peremende zisizo na sukari, ndiyo ya kwanza. Nusu gramu tu humtosha mbwa wa kilo 5 kushushwa sukari ya damu ndani ya saa moja, na peremende za namna hii ndizo zinazotawanywa barabarani gwaride linapopita. Chokoleti inategemea weusi wake: kwa mbwa wa kilo 10, gramu 40 hivi za chokoleti nyeusi au 100 za chokoleti ya maziwa zinatosha kuleta kutapika na kuharisha. Zabibu, mbichi au kavu, hazina kiwango salama, zinaua figo. Kitunguu, hata kilichopikwa, huvunja seli nyekundu za damu, na dalili huja baada ya siku kadhaa, wakati wageni wameshaondoka na hakuna anayekumbuka. Mifupa iliyopikwa huchanika kama vijiti. Mafuta ya nyama choma kwa wingi huwasha kongosho.

Akila kimojawapo, andika alichokula, kiasi na saa, kisha mpigie daktari. Usimtapishe kwa chumvi; chumvi yenyewe ni sumu.

Njia rahisi ya kuwazuia wageni: asubuhi pima mlo wake wa siku, utie nusu kwenye kopo, na kila anayetaka kumpa kitu achote humo.

Fataki ilipigwa, akakata kamba, hajaonekana tangu jana jioni. Tufanye nini?

Msimkimbize wala kumwita kwa umati. Mbwa mwenye hofu huona hata mtu anayemfuga kuwa tishio. Acheni pale alipotorokea nguo iliyovaliwa na ambayo haijafuliwa, tandiko lake na maji. Wengi hujibanza si mbali, kwenye vichaka, mitaro na chini ya magari. Tafuteni alfajiri na usiku mtaa ukiwa kimya, watu wawili tu, mwenye tochi aitafute mng'ao wa macho. Mkimwona, keti chini, mpe ubavu, tupa nyama nyuma yako, ngoja.

Wakati huohuo wapeni taarifa madaktari wa mifugo na vituo vya wanyama, kwa picha inayoonyesha alama zake. Kama ana chipu kati ya mabega, ile ya ukubwa wa punje ya mchele, hakikisheni leo kwamba nambari yake ya tarakimu 15 imeandikishwa kwa simu mnayotumia sasa. Chipu haionyeshi alipo. Husomwa tu na kifaa akishapatikana.

Akirudi, mpeni maji kidogo kidogo, kagueni nyayo na kucha, kisha siku mbili za kimya bila wageni. Kamba mpya ifungwe sehemu mbili, kwenye kola na kwenye mkanda wa kifuani.